Simu ya Karatasi

"Hongera," Swabir aliniambia, na hakunitazama.

Alikuwa akibandua karatasi zangu ukutani, moja baada ya nyingine, na kuzipanga juu ya meza kwa ule uangalifu wake wa siku zote, pembe juu ya pembe. Nilidhani ananipongeza kwa karatasi hizo. Siku mbili zilizotangulia nilikuwa nimefanya jaribio langu la kwanza, na Mwalimu Judy alikuwa amelisifu mbele ya darasa zima.

"Ahsante," nikajibu kwa furaha. "Bila wewe nisingeliweza."

Mkono wake ukasita.

"Bila mimi?"

"Kwani si wewe uliyenifundisha?"

Ndipo akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua kama ni usingizi wa zamu ya usiku, kwa kuwa alikuwa mlinzi wa lango katika hoteli moja ya Diani, au ni jambo jingine.

"Bi Twaiba," akasema, na lile 'Bi' likanichoma, maana alikuwa ameliacha tangu mwezi wa pili wa mafunzo yetu, "mimi nilikufundisha kuchora vitufe. Kuridhia posa umejifunza mwenyewe."

"Posa gani?"

Jibu lilitoka mlangoni. Mwalimu Judy, aliyehamia Ukunda kutoka Nakuru miaka mitatu iliyopita, na ambaye Pwani haijaweza kumfundisha kusema polepole, aliingia na simu mkononi.

"Aki Twaiba! Kumbe unaolewa na unatuficha? Shangazi yako amenipigia saa hii, hata Swabir amesikia, ati simu yako haishiki. Anasema usichelewe leo, wageni wanakuja baada ya ile sala ya saa kumi, wasome hiyo kitu... fatiha. Mimi nataka kadi mapema, sitaki kukuja kama mtu amevamia."

"Wageni wa nani, Mwalimu?"

"Wa Suleiman fulani. Si ni wewe umekubali?"

Suleiman nilimjua, kama anavyojulikana kila kijana mwema wa Msambweni: mtaratibu, mswalihina, mwenye duka la vifaa vya umeme kando ya barabara kuu. Sikuwa na neno baya juu yake. Sikuwa na neno lolote juu yake, na lile 'ndiyo' nililoambiwa nimelitoa sikukumbuka lilipita wapi kinywani mwangu.

Kisha asubuhi ile ikaanza kunirudia vipande vipande. Shangazi alikuwa amezifukiza nguo zangu udi kabla sijaamka. Baba yangu, Mzee Matano, mtu asiyejua kusifu, alikuwa ameniangalia nikinywa chai akasema, "Umekua, mwanangu," halafu akatoka haraka. Vikombe vya maua, ambavyo hutolewa kabatini kwa Idi tu, vilikuwa vimeoshwa na kupinduliwa juu ya kitambaa. Niliyaona yote hayo, na sikuuliza. Kwetu binti akisharidhia haelezwi tena lolote. Watu humtazama tu kwa upole na kunong'ona jikoni. Nilikuwa nikitazamwa kwa upole tangu Jumanne, nami nikadhani ni kwa sababu ya programu yangu.

Jumanne!

"Mola wangu," nikasema. "Ni simu ya karatasi."

*

Sina budi kueleza tulichokuwa tukijifunza katika chumba kile juu ya duka la mikeka, kwa sababu kosa langu lilizaliwa humo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa likizo ndefu ya chuo kikuu, nikajiandikisha katika mafunzo ya miezi minne ya usanifu wa violesura, yaani ile sura ya programu ambayo mtu huiona na kuigusa. Niliamini, na ninaamini hata sasa, kwamba mtu asifanywe ajione mjinga na kitu kilichotengenezwa kumsaidia. Siku ya kwanza Mwalimu Judy alituwekea mezani chupa ya chai, akatuambia tujimiminie. Tulikuwa kumi na mmoja. Tukaizungusha, tukaibonyeza, tukaivuta, na hakuna aliyepata hata tone. "Sasa nani ni mjinga hapa?" akauliza. "Ni nyinyi ama ni chupa?" Sote tulikuwa kimya kwa aibu, isipokuwa kijana mmoja wa Kinango aliyeketi kando yangu. "Chupa," akasema. Huyo alikuwa Swabir.

Kesho yake nilikuta penseli zangu zimechongwa.

Sikuuliza nani aliyezichonga, kwa kuwa vumbi la mbao lilikuwa kwenye mkono wa shati lake. Kesho kutwa zikawa zimechongwa tena. Hivyo ikawa kila asubuhi. Aliniambia kwamba kitufe ni lazima kiseme kitakachotokea kikibonyezwa. Kwamba mtu akigusa, programu haina haki ya kunyamaza, imwonyeshe kuwa imesikia. Aliyasema hayo akiwa ameinama karibu yangu, harufu ya sabuni ya kipande shingoni mwake, kisha akainuka akaenda zake. Nami nikarudi Msambweni kila jioni na penseli nne kali na moyo usiojua umeguswa au umepitiwa tu.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa programu ya kuagizia vikuba. Shangazi yangu, Bi Ummulkheir, ndugu wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki, husuka vikuba vya asumini, rihani na mkadi ambavyo wanawake hujipamba navyo siku za harusi. Oda humjia kwa sauti zilizorekodiwa, zikachanganyika, na bibi harusi wa Lungalunga akapata maua ya bibi harusi wa Gazi. Nilitaka kumwondolea adha hiyo.

Mwalimu alitukataza kugusa kompyuta kabla ya kujaribu kwa karatasi. "Chora kila skrini kwa penseli. Mtu anabonyeza karatasi na kidole, wewe unamletea karatasi inayofuata. Wewe ndio simu. Na simu haiongei! Ukimsaidia hata na neno moja, umeharibu jaribio."

Kwa hiyo Jumanne, tukiwa tumeketi mkekani na sinia la asumini kati yetu, nilimwekea shangazi karatasi ya kwanza.

"Simu yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hii, shangazi."

"Hii ni karatasi, mwanangu."

"Wewe iguse tu kama unavyoigusa simu, mimi nitakubadilishia. Lakini chochote utakachosema sitakijibu. Mimi sasa ni simu, na simu haisemi."

"Chuo kikuu chote kile," akacheka, "wamekutuma ukawe simu. Haya, simu."

Akaanza kugusa. Alichagua asumini. Alichagua idadi. Nami nikawa nabadilisha karatasi na kuandika pembeni kila mahali kidole chake kilipositasita, nimezama kabisa katika kidole kile. Shangazi hawezi kufanya kazi bila kuzungumza, na nilikuwa nimeyazoea mazungumzo yake kama sauti ya feni.

"Mamake Suleiman, Bi Zainabu, amekuja tena," akasema huku akitafuta mahali pa kuandika tarehe. "Baba yako ameniachia mimi nikuulize, maana yeye anaona haya. Mtoto hana kasoro yule. Unasemaje?"

Nilisikia. Sitadanganya. Nilisikia, nikajiambia: jaribio likiisha nitamjibu. Nikamwekea karatasi ya mwisho, iliyoandikwa, 'Je, tuendelee?' na chini yake vitufe viwili, 'Ndiyo' na 'Hapana'.

Shangazi akaisoma. Akaninyanyulia macho, akatabasamu polepole. "Niwaambie waendelee?" Kidole chake kikatua juu ya 'Ndiyo'.

Nami, simu mwaminifu, nikamletea karatasi iliyofuata, ile niliyoipamba kwa ua la asumini: 'Ahsante. Tumepokea, na tumefurahi.'

Alinibusu paji la uso. Nilidhani amependa mchoro. Muda si muda mteja akabisha hodi, adhana ya Magharibi ikaadhiniwa, na swali lile nikalisahau.

*

Niliyasimulia yote hayo nimesimama, huku Mwalimu Judy akicheka hadi akaketi chini, na Swabir asicheke hata kidogo.

"Kwa hiyo ilikuwa kanuni," akasema.

"Ilikuwa kanuni."

"Twaiba, mtu akiniuliza kama naridhia kukatwa mkono, sitasubiri jaribio liishe. Kama hukutaka kabisa, ungeivunja kanuni."

Maneno hayo yalinipata mahali ambapo sikuwa na ngao. Maana hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza. Jumanne hiyohiyo mchana nilikuwa nimemwambia Swabir kwamba mafunzo yanakaribia kwisha, nikangoja, naye akanijibu, "Naam, yanakaribia." Nilikuwa nimerudi nyumbani na uchungu. Je, nilinyamaza kwa ajili ya Mwalimu Judy, au nilinyamaza ili mtu fulani aumie? Sikujua. Wallahi sikujua, na kutojua huko kulinitisha kuliko posa yenyewe.

"Na wewe?" nikamgeukia. "Miezi minne nakuta penseli zangu zimechongwa. Penseli iliyochongwa inamaanisha nini, Swabir?"

"Inamaanisha..." Akaitazama moja mezani. "Inamaanisha penseli imechongwa."

Kisha akafumba macho, kama mtu aliyesikia upuuzi wake mwenyewe.

"Nyinyi wawili," Mwalimu Judy akasema kutoka sakafuni, akijifuta machozi, "mngekuwa programu singewapitisha. Mtu anabonyeza, anabonyeza, hakuna kitu inatokea." Akainuka, akatuacha na mlango wazi, kama ipasavyo.

Swabir akazitazama karatasi zangu. "Nilikuwa nangoja," akasema kwa sauti ya chini. "Nipate kazi ya usanifu, niache lango. Nijenge hata vyumba viwili Kinango. Ndipo nimtume ami yangu Chirau kwa baba yako, akiwa na kitu cha kusema. Ningemtuma na nini sasa? Aseme, kijana wetu ni mlinzi, na kwao maji hununuliwa kwa mtungi? Shangazi yako angemcheka."

"Angemcheka," nikakubali, kwa kuwa namjua shangazi yangu. "Lakini mimi nisingecheka. Mwalimu hatuambii kila siku tuonyeshe mchoro wa penseli ungali mbaya, kabla hatujaupaka rangi? Wewe umenificha mchoro, Swabir. Umengoja rangi."

"Na wewe ungali unamtaka mtu wa mchoro?"

Nilifungua kinywa. Nilitaka kusema ndiyo. Lakini alikuwa ameniuliza akiwa amekasirika, nami nilikuwa na hasira, na saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro. Tangu asubuhi ile watu wawili walikuwa wamenipa jibu langu bila mimi. Sikutaka hasira iwe wa tatu.

"Lazima niende nyumbani," nikasema. "Kabla ya alasiri."

Aliketi, akachukua penseli, akachora kitu upesi kwenye karatasi moja, akaikunja mara nne. Alinisindikiza hadi chini barabarani, akanitafutia pikipiki ya mtu anayemjua, akamwambia, "Mwendeshe taratibu, ni dada wa watu." Kisha akanipa karatasi pamoja na penseli zangu.

"Uisome ukiwa umetulia," akasema. Vidole vyake havikugusa vyangu. Lakini vilikaribia.

*

Shangazi alikuwa jikoni akipanga kaimati kwenye sahani. Alikuwa ameshajifunga leso mpya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bibi harusi wangu. Mbona umepauka? Nenda ukaoge, wageni wako njiani."

"Shangazi, sikuridhia."

Kijiko kikabaki hewani, shira ikidondoka.

"Sikuridhia," nikarudia, na sauti yangu ikanishangaza kwa ukubwa wake. "Jumanne nilikuwa simu. Nilikuambia simu haisemi."

"Ndiyo, uliniambia!" Shangazi akaweka kijiko kwa kishindo. "Uliniambia hutasema neno. Nikasema moyoni, mtoto huyu ana haya, amejitafutia njia. Mimi mwenyewe nilipoulizwa niliangalia ukuta hadi bibi yangu akapiga vigelegele. Nikakuuliza, Twaiba. Nikabonyeza 'ndiyo' mbele ya macho yako. Ukanipa karatasi yenye ua, 'tumepokea, na tumefurahi'! Hata mimi sikufurahi kiasi hicho! Sasa mimi nifahamu nini?"

Alikuwa na haki. Hakukosea yeye, nilikuwa nimemchorea skrini mbaya. Swabir alikuwa ameniuliza wiki iliyopita, "Mtu akikosea hapa, atarudi vipi?" nami nikamwambia kitufe cha kurudi nitakichora baadaye.

"Kosa ni langu, shangazi. Lakini nataka kurudi nyuma."

"Watu wameshavaa, mwanangu. Wako njiani. Baba yako amewaalika wazee wa msikitini. Unajua utakuwa umemvika nini?"

"Najua. Na fatiha ikisomwa leo itasomwa juu ya mtu ambaye hakusema. Utairuhusu?"

Shangazi alinitazama. Usoni mwake nikaona hasira, na nyuma ya hasira kitu ambacho sikuwahi kukiona: mwanamwari aliyeangalia ukuta zamani, na ambaye hakuna aliyemwuliza ukuta ule ulikuwa na nini.

Alifunga leso yake upya, akatoka.

Nilisimama nyuma ya pazia. Nikasikia hodi, nikasikia salamu ndefu, na baba akikohoa. Kisha sauti ya shangazi, imara: "Bi Zainabu, mtuwie radhi. Kosa limetoka nyumba hii, na limetoka kwangu. Binti sikumwuliza vizuri."

Nikahesabu pumzi zangu.

"Basi mwulizeni vizuri," Bi Zainabu akajibu hatimaye, bila ukali. "Suleiman mwenyewe aliniambia, mama, hakikisha amesema. Sisi tutangoja."

Nilitarajia matusi, na matusi ningeyaweza. Upole ule ulinichanganya upya. Mtu niliyekuwa tayari kumkimbia ndiye pekee aliyetaka kusikia sauti yangu.

Baba alipita penye pazia, akasimama kidogo. Hakunikemea. "Ungesema mapema, mwanangu," akasema, na mabega yake yalikuwa yameshuka. Hilo liliniuma zaidi ya kofi.

Wageni walipoondoka, shangazi alirudi, akaketi juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akala kaimati moja kwa hasira.

"Haya," akasema. "Kuna mwingine?"

Nikanyamaza.

Macho yake yakaanza kung'aa, midomo ikaanza kufunguka. Niliuona uso ule ule wa Jumanne ukikijaza kimya changu maneno yake mwenyewe.

"La, shangazi, usikijaze!" nikasema haraka. "Hicho si 'ndiyo', na si 'hapana'. Yupo mtu. Ni wa Kinango. Ni mlinzi. Sijui kama ananitaka mimi au anakitaka kilichomponyoka. Sijui kama ninampenda au nimezoea penseli zake. Sijui, shangazi. Hilo ndilo jibu langu la leo, nimelisema kwa mdomo wangu."

"Kinango," shangazi akarudia, kana kwamba ametafuna mchanga. "Wa kukuogesha kwa kikombe." Lakini hakuendelea. Akanisogezea sahani.

Ndipo nikaikunjua karatasi ya Swabir. Alikuwa amechora skrini, kwa mistari ya haraka, iliyopinda, yeye ambaye hakuwahi kuonyesha mstari uliopinda. Juu yake ameandika: 'Swabir bin Mwinyi anakupenda. Mchoro haujakamilika.' Chini yake, vitufe viwili: 'Ndiyo' na 'Hapana'.

Moyo wangu uliruka, nikaushika. Maana hata hapa alikuwa ameniachia mimi kidole, na yeye amejificha nyuma ya karatasi kama nilivyojificha mimi.

Nikachukua penseli, kali kama zote alizonichongea. Chini ya vitufe vyake nikachora cha tatu, kikubwa kuliko vyote viwili, na ndani yake nikaandika: 'Niulize kwa sauti.'

Shangazi alikuwa amenyoosha shingo juu ya bega langu. Akasoma yote. Kisha akanyoosha kidole chake chenye harufu ya asumini, akakibonyeza kile cha tatu, akangoja.

"Mbona haibadiliki?"

"Hii nitaipeleka Ukunda kesho, shangazi," nikamwambia. "Zamu ya kujibu si yangu, ni yake."